Bangkok kwa Njia ya Maji: Matembezi ya Ahali Moja katika Mji Mkuu wa Thailand

Miji mikubwa ya dunia ina tabia ya kumlaghai mgeni, kwani humpokea kwanza kwa vitu ambavyo mgeni huyo amekwisha kuviona kwao: kiwanja cha ndege cha vioo na chuma, barabara pana iliyojaa magari, maduka ya ghorofa nyingi yenye ubaridi wa mitambo, na mabango ya simu na manukato ambayo sura zake hazibadiliki kutoka Dubai hadi Nairobi. Bangkok, mji mkuu wa Thailand, haikusalimika na desturi hiyo; na mtu aliyefika huko pamoja na ahali yake, akapanda teksi hadi hotelini, kisha akashinda siku zake zote baina ya duka na duka, aweza kurudi nyumbani na masanduku yaliyovimba asiwe na habari yoyote ya mji aliokuwamo. Muradi wa makala hii ni kumwonyesha msomaji mlango mwingine, nao ni mlango wa maji. Kwa maana Bangkok ni mji uliozaliwa na mto na kulelewa na mifereji, na hata leo, ijapokuwa mifereji mingi imefukiwa ikawa barabara, yeyote autazamaye kutoka majini huuelewa upesi kuliko autazamaye kutoka dirisha la gari.

Mto wenyewe waitwa Chao Phraya. Huanza pale mito ya Ping na Nan ikutanapo katika mji wa Nakhon Sawan, ukateremka kusini kwa mwendo wa kilomita zipatazo 370 baina ya mashamba ya mpunga, hata ukamwagika katika Ghuba ya Thailand. Mahali ulipo mji leo mto huo ulikuwa zamani na mzingo mkubwa, na vyombo vilivyopanda na bidhaa kwenda Ayutthaya, makao ya wafalme wa Siam, ndiyo Thailand ya leo, vilipoteza wasaa mwingi kuuzunguka. Basi katika karne ya 16 mfalme mmoja wa Ayutthaya aliamuru uchimbwe mfereji wa mkato, na maji yakaufuata mfereji huo, yakaupanua mwaka baada ya mwaka, hata mfereji ukawa ndio mto, na mto wa asili ukawa ndio mfereji. Kwa hiyo maji mapana yapitayo leo mbele ya jumba la kifalme, yanayobeba matishali ya mchanga na mashua za abiria, yalianza kwa majembe ya binadamu. Na mzingo wa kale ungaliko upande wa magharibi, kwa majina ya Bangkok Noi na Bangkok Yai, ambamo mashua nyembamba zenye mikia mirefu ya injini hupita baina ya nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo.

Mwaka 1767 Ayutthaya iliangushwa na jeshi la Waburma, ikachomwa moto, na watu wake wakatawanyika. Jemadari mmoja aitwaye Taksin aliwakusanya waliosalia, akajitangaza mfalme, na akaweka makao yake Thonburi, katika ukingo wa magharibi wa mto. Enzi yake haikudumu. Mwaka 1782 aliondolewa madarakani, na jemadari wake mkuu, ambaye historia humwita Rama wa Kwanza, akatawazwa badala yake, naye jambo alilolifanya mapema ni kuvusha mji mkuu hadi ukingo wa mashariki, ili mto uwe handaki baina yake na adui aliyezoea kuja kutoka upande wa magharibi. Mahali alipopachagua palikuwa maskani ya wafanyabiashara wa Kichina, nao wakatakiwa kuhamia kusini kidogo, mahali paitwapo Sampheng; kisha mifereji ikachimbwa kwa nyuma, hata ardhi ya ikulu ikawa kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, nacho huitwa Rattanakosin. Nasaba ya mfalme huyo, nasaba ya Chakri, ndiyo inayotawala hata sasa, na mfalme aliyekalia kiti tangu 2016 ni wa kumi katika orodha hiyo.

Ahali yetu ilikuwa ya vizazi vitatu: mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayaafikiani tena na ngazi, mke wangu, ambaye ulinzi wa fedha na pasipoti ulimwangukia yeye, na watoto, ambao miguu yao haijajifunza kutulia. Kwa jamaa ya namna hii mashua ya abiria ni rehema. Kituo kikubwa cha kupandia ni Sathorn, chini ya daraja la Taksin, ambapo treni ya juu hukutana na mto. Na vyombo hutambulikana kwa rangi ya bendera, kile chenye bendera ya rangi ya chungwa kikiwa ndicho kisimamacho katika magati makuu. Ndani yake mgeni hukaa pamoja na makarani waendao kazini, wanafunzi waliovaa sare, na watawa waliovaa mavazi ya rangi ya zafarani, ambao wametengewa mahali pao pa kusimama karibu na mlango. Mkusanyaji nauli, aghalabu mwanamke, hushika bomba jembamba la chuma lenye kifuniko, ndani yake zimo sarafu na tiketi zilizokunjwa, naye hulifungua na kulifunga kwa mkono mmoja likatoa mlio mkavu usiokoma, hata abiria aliyesinzia hujua kuwa anadaiwa. Nyuma kabisa husimama kijana wa kamba, ambaye kazi yake ni kupuliza filimbi: mlio mmoja wa kumwambia nahodha asogee, mwingine arudi nyuma, mwingine ang'oe, kwani nahodha yuko mbele, na gati haliko mbele ya macho yake. Jambo moja halina budi kuzingatiwa na wenye wazee na watoto, nalo ni kuwa chombo hakikai gatini zaidi ya kitambo kidogo sana, basi asubiriye kushuka sharti awe amekwisha kusimama mlangoni kabla filimbi haijalia.

Kutoka majini, alama ya kwanza imkamatayo mgeni ni Wat Arun, Hekalu la Alfajiri, lililo ukingo wa magharibi. Mnara wake wa katikati, uzidio mita 60 kwenda juu, ulianza kuinuliwa katika enzi ya Rama wa Pili na ukakamilika katika enzi ya Rama wa Tatu, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwa mbali huonekana kama umechongwa katika jiwe la rangi moja. Lakini mtu akisogea hadi mguuni pake huona kuwa umevikwa, kutoka chini hadi juu, vipande vya sahani na bakuli za Kichina pamoja na makombe ya baharini, vikapangwa vikafanywa maua na majani ya rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Mtu wa pwani yetu hasimami hapo kama mgeni kamili, maana naye amepata kuona bakuli za China zilizopachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui. Biashara ile ile ya bahari, iliyopeleka vyombo vya udongo vya China magharibi na kusini, iliwaachia watu wa nchi mbali mbali anasa ile ile ya kupamba kwa sahani kile walichokitukuza. Ngazi za mnara huo zimesimama wima mno, mama alizitazama, akaketi chini ya mti, na akasema kwa utulivu, "Nendeni, wanangu, mimi naona vizuri kutoka hapa." Na kweli aliona vizuri, kwani uzuri wa jengo lile uko katika ukubwa wake na katika udogo wa vipande vyake, na vyote viwili huonekana na mtu aliyesimama chini.

Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, ndipo lilipo Jumba Kuu la Kifalme, lililoanza kujengwa mwaka ule ule wa 1782, na kuta zake zina urefu upatao mita 1,900. Wafalme hawakai humo siku hizi, walakini taadhima yake haijapungua, kwa sababu sherehe za dola hufanyikia humo, na kwa sababu ndani ya uwanja wake limo hekalu la Wat Phra Kaew, ambamo yamo makao ya sanamu ya Budha itukuzwayo kuliko zote katika nchi. Mgeni aliyeandaliwa na sifa nyingi hushtuka anapoiona, kwa kuwa ni ndogo: kimo chake ni sentimita 66 tu, imechongwa katika jiwe la kijani, nayo imewekwa juu ya kiti cha dhahabu kirefu hata mtazamaji sharti ainue kichwa. Sanamu hiyo ina mavazi ya dhahabu ya majira matatu, ya joto, ya mvua na ya baridi, na abadilishaye mavazi hayo ni mfalme mwenyewe au amwakilishaye. Raia wa kawaida hana ruhusa. Katika kuta za ua mna michoro 178 inayosimulia kisa cha Ramakien, ambacho ni masimulizi ya Kithai ya utenzi wa Kihindi wa Ramayana. Na watoto, ambao walikuwa wameanza kuchoka na dhahabu, walipata uhai mpya walipomwona Hanuman, jemadari wa nyani, akilala juu ya bahari ili jeshi lipite mgongoni mwake.

Hapa yafaa niseme neno juu ya adabu, maana watu wengi hurudishwa mlangoni kwa sababu ya mavazi. Mabega na magoti yasionekane, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Nguo iliyobana au inayoonyesha mwili haikubaliwi. Mwenye kuvaa kanzu, buibui, au kanga mbili zilizofungwa kwa heshima hapati taabu yoyote, na mke wangu, kwa kanga yake ya akiba, aliwahi kumsitiri mwanamke wa Kizungu aliyekuwa amekataliwa. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia mahali pa ibada. Aketiye hukunja miguu nyuma, kwa sababu kumwelekezea mtu nyayo, na zaidi sanamu ya Budha, huhesabiwa kuwa ni dharau. Kichwa cha mtu, hata cha mtoto, hakiguswi ovyo. Na mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkono kwa mkono. Haya yote ni heshima ya mgeni katika nyumba ya wenyeji, hayamtoi mtu katika dini yake. Fauka ya hayo, mgeni na ajihadhari na watu wapole wasimamao nje ya kuta wakisema kwamba jumba limefungwa leo na kwamba wao wana chombo cha kumpeleka kwingine kwa bei rahisi. Hila hiyo ni ya miaka mingi, na mwisho wake ni duka la vito au la mshonaji suti. Njia ya salama ni kwenda hadi mlangoni na kuona kwa macho yako mwenyewe.

Kutoka ikuluni hadi Wat Pho ni mwendo mfupi wa miguu. Hekalu hili ni la kale kuliko mji mkuu wenyewe, na ndani yake mna sanamu ya Budha aliyejinyoosha ubavuni, urefu wake mita 46 na kimo chake mita 15, iliyofanywa kwa amri ya Rama wa Tatu mnamo 1832 na kupakwa dhahabu kuanzia utosi hadi ukucha. Jumba limejengwa likaikumbatia kwa karibu mno, hata hapana mahali mtu awezapo kusimama akaiona yote kwa mara moja. Huonekana uso, kisha mkono, kisha goti, na mwisho nyayo mbili, kila unyayo umepachikwa chaza zinazomeremeta katika michoro 108 ya alama za heri. Nyuma ya sanamu zimepangwa bakuli 108 za shaba, na mwenye kutaka kutoa sadaka hununua sarafu ndogo ndogo, akatia moja moja katika kila bakuli. Basi jumba zima limejaa mlio mwembamba usiokatika, na watoto wakimaliza safu wakitaka kuirudia. Hapo hapo Wat Pho, katika mabamba ya mawe, mfalme aliagiza yaandikwe maarifa ya tiba na ya kukanda mwili ili raia wote wasome, katika zama ambazo elimu ya namna hiyo ilikuwa siri ya wachache. Na mwaka 1955 pakaanzishwa chuo cha kukanda ambacho kingali kinafundisha. Mama, aliyekuwa amekataa ngazi zote za siku ile, hakukikataa kiti cha kukandwa miguu. "Huyu binti ana mikono ya mkunga," alisema, na hapana sifa kubwa kuliko hiyo katika kinywa chake.

Wachina waliohamishwa kutoka uwanja wa ikulu walistawi huko Sampheng, na mtaa wao wa Yaowarat, uliofunguliwa mwishoni mwa karne ya 19, ni soko la dhahabu mchana na ukumbi wa kulia chakula usiku. Karibu nao lipo hekalu la Wat Traimit, lenye sanamu ya dhahabu ya kimo cha mita 3 hivi na uzito wa tani zipatazo tano na nusu. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kuwa ni sanamu ya lipu, isiyo na thamani kubwa, iliyowekwa chini ya paa la mabati. Mwaka 1955 ilipokuwa ikihamishwa, kamba zikakatika, ikaanguka, lipu ikapasuka, na dhahabu ikaonekana ndani. Yaaminika kuwa watu wa zamani waliifunika hivyo ili jeshi la adui lisiitamani, kisha waliojua siri wakafa bila kuitoa.

Mifereji nayo ina mambo yake. Mrefu na mashuhuri kuliko yote ni Saen Saep, uliochimbwa baina ya 1837 na 1840 kwa amri ya Rama wa Tatu ili kupeleka majeshi na chakula upande wa mashariki, na leo unapeleka wafanyakazi ambao wamekata tamaa na foleni za barabarani. Mashua zake ni ndefu na za chini, zina mbio, na maji yake si ya kunawia uso. Basi pembeni zimetiwa turubai zenye kamba, na abiria aliyekaa ukingoni hupewa jukumu asiloliomba, la kuvuta kamba kila chombo kingine kipitapo ili kuwakinga wenziwe na matone. Mwanangu wa kiume alipata kiti hicho, na kwa muda wa safari nzima alikuwa mtumishi wa umma aliye makini kuliko wote.

Ukingoni mwa mfereji huo upo mtaa wa Ban Krua, maskani ya Waislamu wa kabila la Cham, ambao wahenga wao walitoka pande za Kambodia, wakapigana katika jeshi la Rama wa Kwanza, na wakapewa ardhi hiyo kuwa ujira wao. Kazi yao ilikuwa kufuma hariri. Ng'ambo ya mfereji, Mmarekani Jim Thompson, aliyefika Bangkok mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, alijijengea mwaka 1959 nyumba iliyounganishwa kutokana na nyumba kadhaa za kale za mbao za msaji, akawapa wafumaji hao kazi, na akaifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani. Mwaka 1967 alitoka kutembea katika milima ya Cameron, nchini Malaysia, asionekane tena hadi leo. Na nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho, ni mahali pa kivuli na pa utulivu, panapowafaa wazee baada ya jua la mahekalu.

Waislamu wa Bangkok si wageni wa jana. Tangu mwanzo wa karne ya 17 alikuwapo Ayutthaya mfanyabiashara wa Kiajemi, Sheikh Ahmad wa Qom, aliyepanda cheo hata akawa mkuu wa mambo ya Waislamu katika dola, na uzao wake, jamaa ya Bunnag, ukawatoa mawaziri wakubwa wa Siam. Kwenye mlango wa mfereji wa Bangkok Yai upo msikiti wa Ton Son, ambao ndio wa kale kuliko yote ya mji. Basi mwenye kutafuta chakula cha halali hahitaji kuhangaika: alama ya halali imebandikwa katika migahawa na katika bidhaa nyingi za madukani, na barabarani wapo Waislamu wauzao chapati nyembamba zilizokunjwa na ndizi ndani yake. Katika mikahawa hiyo tulikula mchuzi uitwao Masaman, wenye tui la nazi, viazi, karanga, iliki, mdalasini na karafuu. Na mama, baada ya kuonja, aliuliza mpishi ni mtu wa wapi, kama mtu anayetafuta ukoo.

Ukoo aliupata wazi zaidi katika soko la matunda la Or Tor Kor, lililo jirani na soko kubwa la mwisho wa wiki la Chatuchak. Binti yangu alisimama mbele ya kilima cha matunda mekundu yenye nywele, akamvuta bibi yake nguo. "Bibi, hizi si shokishoki?"

"Shokishoki hasa, mjukuu wangu," alijibu, akilichagua moja na kulibonyeza kwa dole gumba kama afanyavyo katika soko la Darajani kwetu Unguja. "Ila haya ya huku yamenenepa."

Na karibu nayo yalikuwapo madoriani, kwa harufu ile ile inayowagawanya watu wa Unguja na Pemba katika makundi mawili yasiyosuluhishika. Na huko pia makundi hayo yapo, kwani doriani halikubaliwi katika treni wala katika hoteli nyingi. Mishokishoki na midoriani ya visiwani kwetu asili yake ni nchi za kusini mashariki ya Asia, ikavushwa na watu wa bahari. Kwa hiyo mtu wa Zanzibar katika soko la Bangkok huyaona matunda ya nyumbani yakiwa kwao.

Barabara zilikuja baadaye. Mpaka katikati ya karne ya 19 mtu wa Bangkok alikwenda kwa mtumbwi. Na ile Charoen Krung, ambayo ndiyo ya mwanzo kujengwa kwa namna za kisasa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1860 katika enzi ya Rama wa Nne, baada ya mabalozi wa Ulaya kulalamika kwamba hawana mahali pa kupandia farasi na magari yao. Kisha mfereji baada ya mfereji ukafukiwa, magari yakaongezeka, na mji, ambao hesabu ya watu ya 2010 iliukuta na wakazi zaidi ya milioni 8, ukasifika kwa misongamano hata tarehe 5 Desemba 1999 ilipofunguliwa treni ipitayo juu ya nguzo, ikafuatwa mwaka 2004 na ile ya chini ya ardhi. Lakini maji hayasahau njia zake. Ardhi ya mji iko mita moja na nusu tu, kwa wastani, juu ya usawa wa bahari. Kwa miongo mingi imekuwa ikididimia kwa sababu ya maji yaliyopampiwa kutoka chini yake. Na mafuriko ya 2011 yaliingia hadi katika kiwanja cha ndege cha Don Mueang. Mhandisi wa Bangkok wa leo huona gharama ya kuifukia mifereji kila mvua kubwa inyeshapo.

Watoto wasilazimishwe kula mahekalu asubuhi na jioni. Taasisi ya Queen Saovabha, ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Thailand, hufuga nyoka kwa ajili ya kutengeneza dawa ya sumu, na wageni huonyeshwa namna sumu ikamuliwavyo, jambo ambalo wanangu walilieleza shuleni kwa urefu kuliko majumba yote ya dhahabu. Bustani ya Lumphini nayo ina kenge wakubwa watokao ziwani na kutembea majanini pasipo kumjali mtu. Tulikuwa humo jua likielekea kuzama, saa kumi na mbili kamili, wimbo wa taifa ukapigwa katika vipaza sauti: waliokuwa wakikimbia wakasimama walipofikia, wenye kuketi wakainuka, muuza maji akaacha kutoa chenji; wimbo ulipokwisha kila mtu akaendelea na hatua aliyoikatiza. Jambo hili hufanyika saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mgeni naye husimama.

Kwa atakaye kwenda, miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hewa nyepesi; Aprili ni joto kali, ingawa katikati yake, tarehe 13 hadi 15, wenyeji husherehekea mwaka mpya wao wa Songkran kwa kumwagiana maji barabarani; na kuanzia Mei hadi Oktoba ni mvua. Mahekalu na yaendewe asubuhi mapema, saa za adhuhuri zikaachiwa makumbusho na mapumziko, na magharibi ikaachiwa mto. Bajaji za huko ni za kupanda mara moja kwa furaha ya watoto, baada ya kupatana bei. Kwa safari za kila siku treni na mashua ni rahisi zaidi na hazina mabishano.

Hukumu yangu basi ni hii: Bangkok ni mji mwema kwa ahali yenye mzee na mtoto, kwa sharti moja, kwamba isitake kuona kila kitu. Mahekalu matatu yaliyotazamwa kwa makini yashinda kumi yaliyopitwa mbio. Na wewe msomaji, ukijaliwa kufika, usianze na maduka, kwa maana hayo utayakuta popote. Siku ya kwanza wachukue watu wako mpaka gati la Sathorn, mpande mashua yenye bendera ya rangi ya chungwa, mwende nayo hadi mbele ya jumba la kifalme, na mji utaanza kujieleza wenyewe.